lsblk: komandi ya bure iliyonitoa kwenye aibu ya diski nne zinazoitwa New Volume

Mi ni mtu wa video. Harusi, send-off, kitchen party, ubatizo, mahafali, tunapiga zote, na kama na we uko kwenye hii kazi unajua kwamba ukishafika mwaka wa tatu wa nne tatizo lako siyo kamera tena wala lenzi, tatizo ni diski. Mezani kwangu sahivi kuna eksteno saba, kuna hadi diski mbili za ndani nilizitoa kwenye mashine zilizokufa nikazivalisha kava la USB, memori kadi sijui ngapi, na flashi za wateja ambazo huwa zinakuja na kuondoka na nyingine haziondoki kabisa, mwenyewe kashasahau. Na mpaka mwaka juzi karibu nusu ya vitu vyote hivyo vilikuwa vinaitwa jina moja. New Volume.

Si unajua inavyokuwa. Umenunua diski mpya, umeingia kwenye Disk Management ya Windows kuiandaa, pale kwenye kisanduku cha jina Windows imeshakuandikia New Volume, we unabonyeza Next Next Finish unaenda kunywa chai. Ya kwanza haina shida. Ya pili pia unaona poa tu. Ya nne ndo unaanza kuzitambua kwa mikwaruzo, "ile yenye stika ya bluu", "ile waya wake umelegea", afu siku stika ya bluu inabanduka.

Kilichonifanya niandike hii leo ni mama mmoja. Tulimpigia harusi ya bintiye, dogo wa ofisini akamkopia kwenye flashi, akaja kuchukua, akalipa hela yetu yote bila maneno. Siku tatu baadaye kaingia ofisini kakaa kwenye kiti kimya kimya na mkoba mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi hii flashi mliyonipa, mliiangalia nyie wenyewe?"

"Ndiyo mama, kwani haifunguki?"

"Inafunguka vizuri tu. Tumekaa sebuleni, kaka zangu wote wapo, shemeji zake wametoka Moshi, tumeweka kwenye TV. Bi harusi anashuka kwenye gari." Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, yule binti mi simjui."

Aisee. Nilitamani meza inifunike. Dogo namuuliza we ulikopi kutoka wapi, ananiambia "bosi si ulisema iko New Volume?" Na kweli nilisema. Zilikuwa zimechomekwa mbili, zote New Volume, kompyuta ikaonyesha moja kama New Volume na nyingine New Volume1, kwa sababu Ubuntu (aina ya Linux, mfumo wa kompyuta ninaoutumia badala ya Windows) ikikuta jina limeshachukuliwa inaongeza namba mwishoni ili folda zisigongane, na hiyo namba haina maana yoyote, inategemea tu ipi imetangulia kuonekana. Leo hii ndo New Volume kesho ile ndo New Volume. Dogo hakuwa na kosa hata kidogo, ila siku hiyo sikumwambia.

Sasa twende kwenye komandi yenyewe.

Inaitwa lsblk. Iko ndani ya kifurushi cha util-linux ambacho karibu kila Linux ya mezani inakuja nacho, Ubuntu, Debian, Mint, Fedora, kwa hiyo hakuna cha kudaunlodi, hakuna kula bando, ukishakuwa na Linux unayo tayari. Iliingia kwenye util-linux toleo la 2.19 mwaka 2011, siyo kitu cha jana, ni mzee kidogo. Mi nilihamia Ubuntu kwa sababu ya virusi vya shotikati, vile ambavyo mteja anakuletea flashi, ukiichomeka mafolda yako yote yanageuka shotikati, na nilikuwa nimechoka kuomba msamaha. Sikuja kwa mapenzi ya kuandika komandi kwenye skrini nyeusi. Nasema hivi ili ujue hii rivyu siyo ya mtaalamu, ni ya mtu aliyefika hapa kwa shida zake.

Ukiandika lsblk peke yake ukapiga enta unapata orodha ya diski zote na vipande vyake imechorwa kama mti, diski juu, patisheni chini yake zimening'inia. Mara ya kwanza nilipoiona nilisema hee, hiki kitu kizuri. Afu nikaangalia vizuri nikaona kitu cha ajabu: majina hayapo. Inakupa ukubwa, inakupa kama ni diski au patisheni, inakupa imemauntiwa wapi, yaani imefunguliwa kwenye folda gani, inakupa namba mbili mbili zenye nukta mbili katikati ambazo mi mpaka leo sizihitaji, ila lebo, jina ambalo mtu ameipa diski yake, hakuna. Kwa komandi ambayo kazi yake ni kukuonyesha diski ulizonazo hili kwangu ni kosa kubwa na ndo nyota moja imekatikia hapo.

Lebo unaipata ukiongeza herufi moja, lsblk -f. Hapo sasa inatoka aina ya faili sistimu (mpangilio wa kuhifadhi mafaili, kama NTFS ya Windows au ext4 ya Linux), lebo, UUID (namba ndefu ya utambulisho), nafasi iliyobaki, asilimia iliyotumika na mahali ilipomauntiwa. Ni nzuri lakini ni pana kama mkeka wa msikitini. UUID ya diski ya ext4 peke yake ni herufi 36, sasa kwenye kilaptopu changu cha inchi 13 na maandishi nimeyakuza kwa sababu ya macho, mstari unakatika unarudi chini, mti wote unavurugika, unabaki unafukuza kwa kidole hii asilimia ni ya nani.

Dawa yake ni kuchagua mwenyewe unataka kuona nini, na hapa ndo nikaanza kuipenda kweli kweli. Unaandika -o afu unapanga safu zako kwa koma bila nafasi. Mi natumia hii kila siku:

lsblk -e7 -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT

Hiyo -e7 isikutishe. Ubuntu ina programu zinazokuja kwa mfumo wa snap, na kila moja inajionyesha kama kidiski cha uongo kinachoitwa loop0, loop1, loop2, unaweza kukuta ishirini zimejipanga juu kabisa, diski zako halisi zimesukumwa chini huko. Namba 7 ndo namba ya ukoo wa hizo loop, kwa hiyo -e7 ni kusema hawa wa ukoo wa saba wakae nje. Nimeiandika kwenye faili la .bashrc kama alias, yaani jina la mkato, inaitwa diski, kwa hiyo sahivi naandika diski napiga enta basi. Dogo anafikiri Ubuntu ilikuja hivyo.

Nilichokiona siku ile mama yupo bado amekaa ni hiki, nimepunguza mistari mingine na folda nimezifupisha:

sdb 931.5G
└─sdb1 931.5G ntfs New Volume /media/New Volume
sdc 1.8T
└─sdc1 1.8T ntfs New Volume /media/New Volume1

Yaani ushahidi wote uko pale, mapacha wawili wamevaa nguo moja. Ila angalia ukubwa. Moja ni tera moja, nyingine tera mbili (tera moja inaonekana 931.5G kwa sababu muuzaji anahesabu kwa elfu na lsblk inahesabu kwa 1024, hujaibiwa, usirudi dukani kugomba). Na harusi ya yule mama nilikuwa nakumbuka iko kwenye ile ya tera mbili kwa sababu niliinunua wiki ileile. Dakika tano tukaipata, nikamwekea kwenye flashi mpya kabisa ya kwetu, nikamwongezea na picha za bure, akasema "haya mwanangu, na huyo binti mwingine mpelekeeni za kwake".

Kuna kitu kimoja nilichukua muda kukielewa, wengi wanachanganya. Lebo haikai kwenye diski, inakaa kwenye faili sistimu iliyo ndani ya patisheni. Ndo maana kwenye ule mti mstari wa sdb unakuwa mtupu na lebo iko kwenye sdb1. Ukitaka kujua kitu chenyewe kilichopo mkononi, kampuni na modeli, unaongeza safu ya MODEL na hiyo sasa inajaa kwenye mstari wa juu, itakwambia labda My Passport au Expansion. Na ukiwa na mbili za modeli moja kama mimi unaongeza SERIAL, unalinganisha na namba iliyochapwa kwenye kava, ingawa hizi kava za kununua peke yake zile za diski ya ndani mara nyingi zinakusomea jina la kava siyo la diski. Afu usichanganye LABEL na PARTLABEL. PARTLABEL ni jina la kipande kwenye jedwali la patisheni, diski nyingi zilizotengenezwa na Windows zitakuandikia Basic data partition zote, hilo halikusaidii lolote, pita nalo mbali.

Watu wa blkid najua mnakuja. Ndiyo, blkid nayo inaonyesha lebo, na ipo kwenye kifurushi hichohicho. Nimeitumia. Shida yake ya kwanza inatoa kila kitu kwa mstari mmoja mrefu, LABEL= UUID= TYPE= PARTUUID=, nzuri kwa skripti lakini jicho la binadamu linachoka. Ya pili, ukiipiga bila sudo (neno la kuomba ruhusa ya msimamizi wa mashine) haiendi kusoma diski yenyewe, inakupa kilichobaki kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo unaweza ukachomeka flashi sahivi hii na isiione kabisa. lsblk inachukua habari zake kwa udev, ambaye ndo kama mlinzi wa getini, kila kifaa kikiingia anakiandika kwenye daftari, kwa hiyo lsblk inasoma daftari tu, haiombi paswedi. Kwa ofisi ambayo dogo hatakiwi kuwa na paswedi ya sudo hiyo ni faida kubwa sana.

Ila hilo daftari ndo lina kasoro yake pia. Mara nyingine ukibadilisha lebo, lsblk inaendelea kukuonyesha jina la zamani kwa sababu mlinzi hajapata taarifa. Mara ya kwanza nilidhani kubadilisha kumekataa, nikabadilisha tena mara tatu, nikabadilisha jina mpaka nikakosea jina. Chomoa uchomeke, au kama huwezi kuchomoa piga sudo udevadm trigger, itakaa sawa.

Na kuhusu kubadilisha lebo, lsblk haifanyi. Inaonyesha tu. Mi ningependa kingekuwa kitu kimoja lakini hapana, kila faili sistimu ina komandi yake: ya NTFS ni ntfslabel, ya FAT ni fatlabel, ya exFAT ni exfatlabel, ya ext4 ni e2label. Zote zinafanana kuzitumia, unataja patisheni afu jina jipya, kwa mfano sudo ntfslabel /dev/sdc1 HARUSI_2023_A, na hakikisha umei-umount (umeifunga) kwanza maana ya NTFS itakugomea. Hata hapo ilibidi nianze na lsblk ili nijue ni ya NTFS au ya nini, kwa hiyo sawa, sina ugomvi sana.

Urefu wa majina sasa, hapa palinipa kazi. NTFS inakubali mpaka herufi 32, unaweza kuandika karibu ukoo mzima. ext4 ni 16. Lakini FAT32 na exFAT, ambazo ndo flashi karibu zote na memori kadi, ni herufi 11 tu. Nikaandika HARUSI_2023, ikakaa, nikahesabu ni 11 kamili, nikafurahi kama nimeshinda mkeka. Nikaja SENDOFF_2023, ikakataa. Nahesabu, 12. KITCHENPARTY nayo 12! Yaani sherehe zetu zote zimezidi herufi moja, kama vile waliopanga 11 hawajawahi kualikwa. Sasa tunaandika SENDOFF_23 na KITCHEN_23 na imekuwa kawaida. Kwenye FAT andika kwa herufi kubwa pia, ndogo fatlabel itakuonya kwamba mashine nyingine zitasumbua. Na usiweke nafasi katikati ya jina, weka kistari cha chini, kwa sababu Linux ina folda ya /dev/disk/by-label ambamo kila lebo ina njia yake ya mkato na nafasi huko inaandikwa \x20, inakuwa New\x20Volume, ukiiweka kwenye skripti utalia. Halafu kama diski mbili zina lebo moja humo ndani inaonekana moja tu, nyingine imemezwa. Unadhani umeshika hii kumbe umeshika ile.

Memori kadi ni hadithi yake. Tuna kamera mbili za Canon na ukifomati kadi ndani ya kamera, Canon inaipa lebo EOS_DIGITAL (hesabu, 11 kamili, hao walijua). Kadi ya kamera A EOS_DIGITAL, ya kamera B EOS_DIGITAL, na hata ukibadilisha kwenye kompyuta, siku mpiga picha akiifomati tena kwenye kamera inarudi EOS_DIGITAL. Hapo lsblk haina msaada, itakwambia ukweli ambao haukusaidii. Tunatumia kalamu ya maka kwenye kadi yenyewe. Tena ukiwa na rida ya kadi isiyo na kadi ndani, lsblk inaionyesha kama diski ya 0B, usishtuke ukadhani kitu kimekufa.

Kuna siku nyingine iliniokoa na hii nasimulia haraka kwa sababu ni uzembe wangu mwenyewe. Nilikuwa nataka kufomati diski ya zamani iwe ya bakapu, nikaangalia nikaona ni sdb, nikai-umount, nikaandika komandi ya mkfs.ntfs yenye /dev/sdb1 ikakosea herufi fulani nikaisahihisha, kabla sijapiga enta tena umeme ukakatika. UPS betri yake ilishakufa kitambo tunaitumia kama ekstensheni tu. Umeme ukarudi, mashine ikawaka, nikaandika upya komandi yangu ileile, paswedi, enta. Ikagoma. Inasema sdb1 imemauntiwa, siwezi. Nikasema lakini mi si nili-umount? Kidole kilikuwa tayari kinaenda kwenye umount. Sijui ni nini kikanifanya niandike diski kwanza. sdb sasa ilikuwa tera mbili. HARUSI_2023_A. Yaani hizo sda sdb sdc siyo majina, ni foleni tu, mashine ikiwaka inazipanga kwa jinsi ilivyozikuta, aliyekuwa wa pili anaweza kuwa wa tatu. Lebo haikuhama, ilikuwa palepale kwenye diski yake inaning'inia chini ya sdb. Kama ingekuwa bado inaitwa New Volume ningeona New Volume nikasema sawa ndo hiyohiyo, nika-umount, nikafuta harusi za mwaka mzima za watu ambao baadhi yao washaachana lakini bado ni za kwao.

Nilikaa nje nikanywa soda nzima bila kuongea.

Kwa wale wa Windows ambao hawana mpango wa kuhama, mna vol. Fungua ile skrini nyeusi andika vol e: itakupa lebo na namba ya volyumu. Ni ya tangu enzi za DOS na inafanya kazi mpaka leo, shida yake inaonyesha moja moja, ukiwa na diski saba unapiga mara saba. Kwenye PowerShell kuna Get-Volume inazitoa zote kwa jedwali, hiyo ni bora. Kubadilisha ni label e: JINA. Mwenye Mac apige diskutil list ataona, mi ya kwake nimeitumia mara mbili tatu kwenye mashine ya rafiki yangu na haikunikera, ingawa inakuwekea na vitu vingi vya kwake ambavyo hukuviuliza.

Kidogo kuhusu flashi hizi, mtu mmoja aliniuliza kama lsblk inaweza kumtambulia flashi feki, zile za Kariakoo unauziwa imeandikwa tera moja kwa bei ya chipsi mayai na soda. Haiwezi. lsblk inasoma kile ambacho flashi inasema kuhusu nafsi yake, na flashi feki kazi yake ni kudanganya, itakwambia kweli mi ni tera moja na lsblk itaandika hivyohivyo bila aibu. Kwa hilo kuna programu nyingine inaitwa f3 inayojaza flashi na kusoma tena kuona kilichobaki. Ya kwangu iliyoandikwa giga 512 ilibaki na kama giga saba. Lebo yake ilikuwa nzuri sana lakini.

Pia kuna utata wa FAT ambao ukikukuta utadhani umerogwa. FAT inahifadhi lebo sehemu mbili, moja kwenye sekta ya kwanza kabisa ya buti na moja kwenye folda kuu kama faili la siri, na Windows ukibadilisha jina inabadilisha ya kwenye folda tu. Kwa hiyo flashi moja inaweza kuwa na jina jipya na la zamani kwa wakati mmoja. lsblk inakuonyesha la kwenye folda, ambalo ndo hilo mteja analiona kwake, na ukitaka kuona yote mawili sudo blkid itakuwekea na LABEL_FATBOOT pembeni. Nimeikuta mara moja tu lakini ilinipotezea asubuhi nzima kwa sababu mteja kwenye simu ananitajia jina moja na programu nyingine ya zamani ninayoitumia inanipa jingine.

Kwa hiyo nyota. Nne kati ya tano. Ni ya bure, nyepesi, haraka, haiombi paswedi, haigusi kitu chochote kwenye diski kwa hiyo hata mtu mgeni kabisa unaweza ukamwachia acheze nayo. Dogo sahivi kabla ya kukopi chochote anaandika diski, ananisomea lebo kwa sauti, mi naitikia, ndo anakopi. Nyota moja nimeizuia kwa lile la kuficha lebo mpaka uombe, na wakibadilisha mi narudi hapa kuirudisha. Ile -f wangeipunguza unene pia, lakini kwa hilo sikati.

Eksteno saba zote sahivi zina majina isipokuwa moja, ile ya giga 500 ambayo lsblk inanionyesha 465.8G, ntfs, New Volume, imejaa asilimia 97. Hakuna anayekumbuka ni harusi za nani. Nimempa dogo kazi ya kuifungua Jumapili, na nimemwambia akikuta ule ukumbi wenye mapazia ya zambarau anipigie, kuna bwana mmoja ananidai mkanda wake tangu mwaka 2019.